Samaki Weupe wa Nelius

Gunia lilipofunguliwa, Mwiti alirudi nyuma hatua mbili akaziba pua kwa mkono wa shati.

"Harufu hii naijua, baba," alisema. "Nimelala nayo miezi kumi na minne."

Mzee Njiru alimtazama mkwewe kwa pembe ya jicho. Gunia hilo alikuwa amelingojea tangu Juni, na sasa ilikuwa Septemba. Alilifuata mwenyewe mpaka stoo ya ushirika, akapanda nalo juu kwa bodaboda mpaka pale mashamba ya majani chai yanapoishia na msitu kuanza, na hakuwa na hamu ya kusikia kijana akitukana chakula cha samaki wake. Aliingiza mkono akachota punje. Zilikuwa ndogo kama mtama, nyekundu kama vumbi la barabara ya Gachoka.

"Ni chakula cha samaki, kinanuka samaki. Ulitaka kinuke nini, maua?"

"Samaki wamo, lakini hii nyekundu si samaki. Ni krili."

"Ni nini hicho?"

Mwiti alimwonyesha kidole chake cha mwisho, akashika pingili ya kati. "Mdudu wa baharini, jamii ya kamba, urefu wake haupiti hapa. Anaishi kule chini kabisa ya dunia, kwenye bahari ya barafu. Ndiye tuliyekuwa tukimvua. Tunamkausha humo humo melini, tunamsaga, tunamtia kwenye magunia. Sasa nafika kwa baba mkwe Embu, namkuta amenitangulia."

Alisema kwa kucheka, ila kicheko hakikufika mbali. Njiru naye hakucheka. Siku zote alidhani mume wa Kaari, binti yake, alienda kuvua masamaki makubwa ya kujaza meza za matajiri. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kutoka Meru, akavuka dunia nzima, akavue kitu kisichojaza kijiko, na kitu hicho kije kutupwa ndani ya kidimbwi cha marehemu mkewe.

Vidimbwi vilikuwa vinne. Vitatu vya chini vilichimbwa na vijana wa ushirika kwa siku mbili. Cha juu, kilichokuwa karibu na mfereji, alikichimba yeye na mkewe Nelius kwa jembe na karai, mwaka ambao Kaari alimaliza shule. Wazo lilikuwa la Nelius. Alihudhuria mafunzo ya siku tatu, akarudi na kipimajoto kilichofungwa kamba na habari za trauti, samaki wa maji baridi ambao Wazungu waliwaleta zamani kwenye mito ya mlima.

Majirani walicheka. Watu wa rika lao hawakulelewa na samaki. Kwa kina Njiru samaki alihesabiwa ndugu wa nyoka, na mtoto aliyerudi naye kutoka mtoni aliambiwa akamtupe, kisha anawe mikono kwa jivu. Njiru alikuwa ameishia darasa la nne, na mambo mengi aliyofundishwa utotoni yalikuwa yamemtoka, lakini hilo la jivu halikumtoka. Miaka kumi na miwili alifuga trauti, akawalisha, akawapasua, akawapakia kwenye lori, na hata siku moja hakutia kipande mdomoni. Nelius alikuwa akikaanga wake, anakaa mlangoni na sahani mapajani, anamwambia, "Onja tu, Baba Kaari. Kiasi cha ukucha." Naye alikuwa akijibu, "Kula wewe," kisha anarudia githeri yake ya mahindi na maharagwe.

Nelius alikufa Mei, mwaka juzi, kwa ugonjwa wa kifua. Gari la wagonjwa lilikuwepo, dereva alikuwepo, mafuta hayakuwepo, kwa sababu mwenye kusaini karatasi ya mafuta alikuwa semina. Tangu siku hiyo Njiru alikuwa akimwona mtu mwenye kalamu kwenye mfuko wa shati, anavuka upande wa pili wa njia. Kidimbwi cha juu ndicho alichobaki nacho cha mkewe. Ndani yake mlikuwa na trauti majike kumi na mmoja ambao Nelius aliwachagua kwa mkono wake wawe wa mbegu, na samaki wote wa vidimbwi vya chini walikuwa wajukuu wao.

"Haya, niambie," alimwambia Mwiti, akakaa juu ya ukingo. "Mnawavua vipi?"

Mwiti alichuchumaa pembeni kidogo, kama mkwe anayejua adabu. "Kuna wavu mrefu kama bomba. Mdomo wake uko chini majini, mkia umeunganishwa na pampu. Hauvutwi juu kumwagwa na kurudishwa kama nyavu nyingine. Unafyonza tu, mchana na usiku. Wanapita kama uji mwekundu. Mimi kazi yangu ilikuwa kwenye kikaushio. Ukitoka nje kupumua, unakuta nyangumi pale pale, baba, karibu kama ule mti wa mukima. Wanapiga pumzi mpaka unalowa. Wamekuja kula kile tunachofyonza."

"Na hakiishi?"

"Hapo ndipo penye mambo." Mwiti aliokota kijiti akachora duara kwenye udongo. "Huyu krili, akiwa mtoto, anakaa chini ya barafu analamba ukijani unaoota pale. Barafu ndiyo nyumba yake na ndiyo shamba lake. Siku hizi bahari imepata joto, barafu inachelewa kuganda na inawahi kuyeyuka. Manahodha wa zamani wanasema krili anahama, anarudi nyuma, anafuata baridi. Sasa meli zinamfuata. Nilihesabu meli tisa pahali pamoja, zimebanana kama ng'ombe kwenye josho. Kuna kiwango kimewekwa, hilo nisidanganye, na kulikuwa na mkaguzi melini anayeandika kila kitu. Mwaka huu kiwango kilijaa mapema kuliko ilivyowahi kuonekana. Wakatuambia basi, funga, rudini nyumbani. Ndiyo maana unaniona hapa."

"Kwa hiyo wenyewe wanasema inatosha?"

"Wanasema kinachochukuliwa ni kidogo sana ukilinganisha na wote walioko baharini. Na pengine ni kweli, baba. Bahari ni kubwa, mimi siwezi kubisha. Lakini hicho kidogo kinachukuliwa pale pale nyangumi anapokula na pengwini anapolishia watoto. Nimewaona pengwini wamesimama juu ya jiwe kama watu wanaongoja zamu ya kuingia kwa daktari."

Njiru aligeukia kidimbwi. Maji ya mfereji yalikuwa yakiingia kidimbwini kwa sauti nyembamba, na sauti hiyo alikuwa ameisikiliza miaka mingi kiasi cha kujua ikipungua hata kidogo. Alikuwa akifikiria kitu ambacho hakihusu bahari.

Miaka mitatu nyuma walikuja watu wa kupima mto. Walikuja na gari jipya, wakasimama pale darajani, chini kabisa, pahali ambapo vijito vitatu vimeshakutana, wakatumbukiza chuma chao majini, wakaandika kwamba maji yako tele. Wakatoa vibali. Kila mwenye kibali akachimba mfereji wake juu, kwenye kijito kimoja, kwa sababu huko ndiko maji yanateremka yenyewe bila pampu. Kiangazi kilipofika, darajani mto ulikuwa unapita vizuri tu. Mfereji wa Nelius ulikauka siku nne. Samaki nusu walielea matumbo juu, na Nelius alikaa pale ukingoni amejifunika leso kichwani kama mtu aliyefiwa. Njiru alipoenda ofisini kulalamika alionyeshwa karatasi. Karatasi ilisema maji yapo.

"Walipima darajani," alisema.

"Nini, baba?"

"Hakuna. Hao wenye bahari yenu. Na wao walipima darajani."

Alifunga gunia kwa kamba akaliegemeza ukutani mwa banda. Siku hiyo, kama tangu Juni, aliwapa samaki minyoo ya samadi na damu ya buchari iliyokandwa na pumba, chakula kile kile ambacho Nelius alianza nacho kabla ushirika haujaja na punje nyekundu. Alitumbukiza kipimajoto. Zamani Septemba kilikuwa kinasoma kumi na mbili, kumi na tatu. Sasa kilisoma kumi na saba. Nelius aliacha amri moja, kwamba kikipita kumi na nane mtu afunge mkono asilishe, maana trauti akishiba kwenye maji ya joto anakosa pumzi. Juu ya mlima, kule ambako Njiru alipokuwa mtoto alizoea kuona weupe mwingi wa barafu, palikuwa na mawe meusi na kijipande kimoja cheupe kama chokaa iliyosahaulika ukutani.

Wiki ya pili ya Oktoba ushirika uliita mkutano. Msimamizi wake, Bwana Munene, alikuwa kijana mnene wa sauti laini, na kalamu zake zilikuwa mbili. Aliweka gunia jipya mezani. Lilikuwa na picha ya jani la kijani na wimbi la bluu.

"Wazee wangu, mama zangu, tumeteseka kwa uhaba wa chakula tangu Juni," alianza. "Hayo yameisha. Kampuni imekubali kutuletea, mradi kila mfugaji atie sahihi kwamba kwa miaka mitatu hatalisha kingine. Hoteli zinataka trauti wa nyama nyekundu. Bila hii punje, nyama ni nyeupe, na nyeupe hatutaipakia kwenye lori letu. Na msiwe na wasiwasi, hili jani mnaloliona maana yake chakula hiki hakimalizi bahari. Wataalamu wamehesabu. Katika kila krili mia, wanachukua mmoja."

Njiru akasimama.

"Bwana Munene, huyo mmoja anachukuliwa wapi?"

"Baharini, mzee."

"Bahari ni kubwa. Nauliza pahali gani. Kwa sababu nikija kwako nikachota maji debe moja katika kila mia ya mto wote, hutaumia. Lakini nikiyachota yote kwenye mfereji wako, samaki wako watakufa, na mto utaendelea kupita."

Watu wawili watatu waliguna. Walikuwa wanakumbuka kile kiangazi.

"Mzee Njiru, ulitaka nikuletee bahari hapa ukumbini uoshee miguu?" Watu wakacheka. "Nani amekwambia mambo ya bahari?"

"Mkwe wangu alikuwa huko."

"Alikuwa nahodha?"

"Alikuwa kwenye kikaushio."

"Basi mwambie asante kwa kukausha vizuri." Kicheko kikaongezeka. Munene akakingoja kiishe, akainamisha kichwa kwa upole, upole wa mtu anayejua atakapopiga. "Mimi nakuheshimu, mzee. Mama Kaari ndiye aliyeanzisha mambo haya hapa, Mungu amweke pema. Lakini nikuulize mbele ya wenzako. Hao samaki unaowasemea, wa hapa na wa baharini, umewahi kumla hata mmoja?"

Ukumbi wote ulijua jibu. Mzee Nyamu, jirani yake wa mpakani, alicheka mpaka akatoa machozi, na Nyamu mwenyewe alikuwa hajui samaki analiwa upande gani.

Karatasi ilizungushwa. Ilipofika kwa Njiru aliitazama muda mrefu. Jina la Nelius lilikuwa bado limechapwa pale, halijafutwa, na pembeni yake nafasi ya sahihi. Alimpitishia Nyamu.

"Hujasaini," Nyamu alinong'ona.

"Nimeona."

"Utauzia nani, wewe? Au utawala mwenyewe?"

Swali hilo Njiru alilibeba mpaka nyumbani, likalala naye. Samaki wa vidimbwi vya chini walikuwa wamefika ukubwa wa kuuzwa. Bila lori la ushirika hakuwa na soko, bila soko asingeweza kulipia kibali cha maji, na kibali kikiisha mfereji utafungwa. Mfereji ukifungwa, wale majike kumi na mmoja hawatamaliza siku mbili.

Mwiti ndiye aliyesema kuna mtu Meru. Anaitwa Abdilatif, ana duka la nyama na samaki nyuma ya soko, baba yake alikuwa mchinjaji na babu yake pia. Njiru alipasua trauti kumi, akawapanga kwenye kasha la barafu, na kesho yake kabla ya adhuhuri alikuwa amesimama mbele ya meza ya vigae, viatu vyake vikiwa bado na tope la Embu.

Abdilatif alikuwa mtu wa makamo, mrefu, kofia yake ya kufuma imesukumwa nyuma. Alichukua trauti mmoja, akamnusa, akambonyeza tumbo, akamfungua kwa kisu chembamba.

"Mzee wangu, trauti nimeshaona. Hawa mbona weupe? Walikuwa wagonjwa?"

"Hawakuugua."

"Wateja wangu watasema hivyo hivyo. Watasema Abdilatif anatuuzia samaki waliokwisha damu."

"Ule wekundu si wao," alisema Njiru. "Ni rangi ya chakula. Kuna mdudu mwekundu anavuliwa kwenye barafu, mbali, anasagwa, analishwa hawa. Kule anakotoka anategemewa na wengine, na barafu yake inaisha. Mimi nimeacha. Hawa wamekula minyoo na damu ya buchari."

"Damu?" Abdilatif aliacha kisu. "Hilo usimwambie mteja wangu hata mmoja. Na mimi ukitaka ninunue, damu iondoe. Minyoo sawa, minyoo hata mtoni wanaila."

"Nitaiondoa."

"Utaweza?"

"Mke wangu alikuwa akifuga funza wa inzi weusi kwenye mapipa, kwa mabaki ya soko. Najua alivyofanya."

Abdilatif alifuta kisu kwa kitambaa. Kisha akauliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Na ladha? Ladha yao ikoje?"

Lilikuwa swali la Munene, ila huyu hakulitega. Alikuwa mfanyabiashara anayetaka kujua. Njiru alitazama trauti waliobaki kashani. Angeweza kusema ni watamu, na nani angejua? Lakini alikuwa amesikia watu wengi sana wakisifu vitu wasivyovijua, wamesimama darajani wakisema juu kuna maji.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kumla. Mimi na samaki, sisi hatukulelewa hivyo."

"Miaka mingapi umewafuga?"

"Kumi na miwili."

Abdilatif hakucheka. Alichukua yule aliyepasuliwa, akampaka chumvi na ndimu, akampeleka nyuma ambako kulikuwa na jiko na karai la mafuta. Harufu ikaja. Ilikuwa harufu ya mlangoni kwa Nelius, jioni za Ijumaa, na Njiru alilazimika kutazama ukuta. Sahani ilipokuja, Abdilatif aliigawa kwa kidole katikati.

"Mimi sinunui kitu ambacho mwenyewe hakitaki," alisema. "Bismillahi. Kula, mzee."

Alikula. Kipande cha kwanza kilikuwa kidogo, kiasi cha ukucha, na alikishikilia ulimini muda mrefu kabla koo halijakubali. Hakukuwa na nyoka ndani yake. Kulikuwa na kitu chepesi, chenye ladha kama ya maji ya juu msituni pale mfereji unapoanzia, ambapo walizoea kunywa kwa viganja walipokuwa wakichimba. Alichukua kipande cha pili. Cha tatu alikichukua bila kufikiri, kisha akafikiri, akakumbuka kwamba aliombwa kitu hiki kidogo kwa miaka kumi, na mwombaji hayupo tena. Hapo ndipo kilipomkwama.

Abdilatif alimsogezea maji.

"Chumvi haijaingia ndani," Njiru alisema mwishowe.

"Naam. Sasa unaongea kama mwenye samaki." Abdilatif alitafuna taratibu, akatoa mwiba, akauweka pembeni mwa sahani. "Ni mzuri. Nitamuuza amekaangwa, mteja ataonja kabla ya kuuliza rangi. Lakini nisikudanganye, mzee wangu, watu wa kula trauti hapa si wengi. Niletee wa kidimbwi kimoja. Sana sana kimoja na nusu. Vinne siwezi."

"Kimoja kinatosha."

Hakikutosha, na alijua hakitoshi. Kingelipia kibali na chumvi na sukari, basi.

Mwiti aliondoka wiki ya mwisho ya Novemba. Kampuni ilikuwa imemwita, msimu unafunguliwa tena Desemba, na Kaari alikuwa na mimba. Alikuja kuaga akiwa ameinamisha uso, kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi.

"Baba, usinione vibaya."

"Wewe una watoto wa kulisha. Wanaopima si wewe." Njiru alimpa mkono. "Ukiona wale nyangumi, waangalie vizuri. Siku utakayotoka nje usiwaone, uniambie."

Alipobaki peke yake alishuka kwenye vidimbwi. Samaki wa kumuuzia Abdilatif alikuwa ameshawahamishia juu, waliobaki amewauza rejareja kwa shule na kwa waliotaka. Gunia la punje nyekundu lilikuwa bado ukutani, limefungwa kama alivyolifunga. Alichukua jembe akaanza na kidimbwi cha nne, akaziba mdomo wake kwa udongo na mawe, kisha cha tatu, kisha cha pili. Kila alipoziba, maji yaliyokuwa yakigawanyika yalirudi kwenye njia moja, yakapita, yakateremka kijitoni kwenda kwa watu wa chini. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Hakuna ofisi itakayokuja kuandika kwamba mzee mmoja amerudisha maji, na Munene alishasema sokoni kwamba Njiru amefilisika kwa kiburi.

Alitumbukiza kipimajoto kwenye kidimbwi cha juu. Mvua zilikuwa zimeanza, maji yalisoma kumi na nne. Akafungua pipa la funza, akachota konzi moja, akarusha kama Nelius alivyokuwa akirusha, mkono chini, taratibu, ili wakubwa wasiwanyang'anye wadogo. Maji yakachemka kwa mikia. Alihesabu migongo ya wale majike. Kumi na moja. Akahesabu tena.

Kisha akapanda nyumbani, akainjika kikaango cha mkewe, akakaanga samaki mmoja. Safari hii chumvi aliitia mapema. Aliketi mlangoni na sahani mapajani.